KUSHINDWA NAKO NI SHULE

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno haya niliyaonja mwenyewe katika mashindano ya kupamba keki hapa Mombasa, nilikotoka mikono mitupu.

Usicheke, msomaji. Kazi hii inalisha watu. Siku hizi arusi bila keki huonekana kama pilau bila nyama, na fundi aliyeshinda huandamwa na wateja. Mimi huwalipia wanangu karo kwa keki, kwa hiyo kushindwa kuliniuma.

Keki yangu ilikuwa nzuri na watu waliisifu. Lakini ya mama mmoja wa makamo kutoka Likoni iliipita. Nyuzi nyembamba za sukari zilining'inia kando yake kama lesi, wala hazikugusa keki. Ni mtindo uliopata sifa kubwa huko Australia.

Nilimpa mkono wa hongera, nikamwomba anifunze. Hakuninyima.

Sukari ya unga, alinieleza, huichekecha kwa kitambaa chepesi, kwani chembe moja tu huziba mdomo wa mfuko wa kupambia. Bakuli huoshwa kwa maji moto pasibaki mafuta, maana ute wa yai haufuri penye mafuta. Kisha ute na sukari havipigwi kwa pupa: kupiga sana huingiza hewa, na kila kipovu hukata uzi. Mchanganyiko hulazwa usiku kucha, umefunikwa kwa kitambaa kibichi usikauke. Ama gliserini, ambayo mafundi huitia ili sukari isiwe ngumu kama jiwe, hapa haitakiwi kamwe. Uzi laini hauwezi kujibeba.

Tena sukari hunywa unyevu wa hewa, na Pwani yetu unyevu ni mwingi. Kwa hiyo siku ya mvua mama huyo hachori uzi hata mmoja.

Ujuzi huo aliupata kwa miaka mingi. Mimi niliupokea kwa alasiri moja.

Kwetu wako washindani ambao wakishindwa hununa na kudai kuwa waamuzi wamehongwa. Hao hurudi nyumbani na hasira, na mwaka ufuatao huleta keki ile ile. Kikombe hakigawanyiki, lakini ujuzi hugawanyika. Basi, ndugu yangu, ukishindwa usikimbilie mlangoni. Mtafute aliyekushinda, umwamkie kwa heshima, umwulize alivyofanya.