Dispensari Inayouza Bangi: Leseni na Maabara Vinatukinga na Nini?

Ukisikia neno dispensari unawaza nini? Bila shaka unawaza jengo la paa la bati karibu na kanisa la parokia, benchi la akina mama wenye watoto mgongoni, mizani ya kuning'inia, na sista akiita majina mlangoni. Serikali huiita zahanati, lakini wazee wetu wengi bado wanasema dispensari. Ndiyo maana familia zenye vijana huko Marekani huweza kuchanganyikiwa. Kijana akiandika kwamba amepata kazi katika dispensari, nyumbani watu watafurahi kwamba sasa anahudumia wagonjwa. Huko aliko, neno hilo hilo ni jina la duka la bangi lenye leseni.

Jambo hili si la uvumi. Jimbo la California liliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 1996. Jimbo la Colorado lilikuwa la kwanza kufungua maduka kwa watu wazima wasio wagonjwa, tarehe 1 Januari 2014. Kanada ilihalalisha nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018. Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongomani wanaoishi katika miji yenye maduka hayo, na wengine wanayapita kila siku wakienda kazini.

Ukurasa huu hauna nia ya kuwapigia debe wafanyabiashara hao. Lakini mzazi anayempigia simu kijana wake na kumwambia tu kwamba bangi ni mbaya, atajibiwa: "Mama, hii si ile ya vichochoroni. Imepimwa maabara, na duka lina leseni." Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Yafaa mzazi aujue ukweli huo, na ajue pia unaishia wapi.

DUKA LENYEWE

Mlangoni mteja huombwa kitambulisho. Marekani asiyetimiza miaka 21 haruhusiwi kununua kwa starehe. Kanada umri ni miaka 19 katika mikoa mingi. Ndani kuna kabati za kioo, na ndani yake bangi kavu, mafuta, peremende, chokoleti, biskuti na vikalamu vya kuvutia mvuke. Bidhaa huwekwa katika pakiti ambayo mtoto hawezi kuifungua kwa urahisi.

Anayekuhudumia, hata akivaa nadhifu na kuzungumza kwa upole, si mganga wala muuguzi. Ni muuzaji. Hakupimi mapigo ya moyo, wala hajui kwamba unatumia dawa za presha au kwamba una mimba ya miezi miwili. Neno dispensari lisitudanganye katika jambo hilo.

Tena si kila duka lenye jani la kijani dirishani lina leseni. Katika jiji la New York, duka la kwanza lenye leseni ya kuuza bangi ya starehe lilifunguliwa Desemba 2022, lakini maduka yasiyo na leseni yalikwisha kuota kila mtaa kama uyoga. Mwaka 2024 serikali ilifunga mamia yao kwa kufuli. Kwa macho tu mteja hakuweza kuyatofautisha, kwa maana taa zilikuwa zile zile na pakiti zilifanana.

MAABARA INATAFUTA NINI

Tuchukue mfano wa California, ambako kanuni zimeandikwa kwa kirefu. Bangi ikivunwa hugawanywa katika mafungu. Mfanyakazi wa maabara huenda mwenyewe kuchota sampuli; mkulima haruhusiwi kumchagulia majani mazuri. Fungu likishindwa mtihani haliingii dukani mpaka lisafishwe na kupimwa upya, na lisiposafishika huteketezwa.

Hutafutwa mabaki ya dawa za kuua wadudu, aina 66. Hutafutwa risasi, zebaki, aseniki na kadimi, kwa sababu mmea wa bangi una tabia ya kunyonya madini hayo kutoka udongoni na kuyahifadhi. Hutafutwa vijidudu kama salmonella, na vimiminika vilivyotumika kukamulia mafuta. Hutafutwa pia kuvu na sumu yake.

Hapo kwenye kuvu msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa sana. Ni ile ile sumukuvu inayotokea katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 iliugusha watu na kuua wengine katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvu wa jamii hiyo humea pia katika bangi iliyofungwa ikiwa na unyevu. Mtu mwenye afya anaweza asidhurike upesi, lakini mgonjwa wa saratani, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, akivuta mbegu za kuvu huyo anaweza kupata ugonjwa mkali wa mapafu. Nao wagonjwa ndio hao wanaoambiwa kwamba bangi itawapunguzia kichefuchefu.

Mwisho hupimwa kiasi cha THC, yaani ile kemikali inayolevya, na kiasi cha CBD, ambayo hailevyi. Vipimo hivi vyote huandikwa katika cheti cha uchunguzi chenye namba ya fungu. Namba iliyo kwenye cheti lazima ilingane na ile iliyo kwenye pakiti. Zisipolingana, cheti hicho ni cha bidhaa nyingine, hata kama kimebandikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu.

MAPAFU YA MWAKA 2019

Je, vipimo hivyo vina faida? Vinayo. Katika kiangazi cha mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wasioweza kupumua. Walikohoa, walitapika, na picha za kifua zilionyesha mapafu yaliyojaa weupe. Hawakuwa na nimonia ya kawaida. Kilichowaunganisha ni vile vikalamu vya mvuke, na wengi wao walikuwa wamevuta mafuta ya bangi.

Kufikia tarehe 18 Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na kati yao 68 walifariki. Wanasayansi walichunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, wakakuta katika wagonjwa 48 mafuta yaitwayo asetati ya vitamini E. Kwa watu wenye afya waliochunguzwa nao, hayakuonekana kabisa. Mafuta hayo hayana ubaya yakipakwa kwenye ngozi. Wachuuzi waliyatumia kuongezea ujazo, kama mwuza maziwa anayetia maji, kwa kuwa yana uzito na rangi ya mafuta ya bangi yenyewe.

Walio wengi walikuwa wamevipata vikalamu hivyo kwa marafiki au kwa wachuuzi wa mitaani. Wachache walisema walinunua katika maduka. Kwa hiyo anayesema bangi ya duka lenye leseni ina hatari ndogo ya kuchanganywa na uchafu, hasemi uongo.

BISKUTI YA COLORADO

Sasa tazama upande wa pili. Mwezi Machi 2014, kabla hata ya kutimia miezi mitatu tangu maduka ya Colorado yafunguliwe, kijana wa miaka 19 alikula biskuti ya bangi. Rafiki yake mwenye miaka 23 ndiye aliyeinunua dukani kihalali. Pakiti ilieleza kwamba biskuti moja ina miligramu 65 za THC, yaani sehemu sita na nusu za miligramu kumi kumi. Muuzaji naye aliwashauri waikate vipande sita na kula kimoja kwa wakati.

Kijana alikula kipande kimoja. Akangoja nusu saa hadi saa moja, hakusikia kitu, akamaliza iliyobaki. Baadaye alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwa mkali. Saa mbili na nusu baada ya kumaliza ile biskuti, alijirusha kutoka ghorofa ya nne akafa. Uchunguzi wa mwili haukukuta kilevi kingine.

Katika kisa hiki tatizo halikuwa mchuuzi wa kichochoroni wala mafuta ya kughushi. Kiasi kiliandikwa, na ushauri ulitolewa. Ila bangi ya kuliwa haifanyi kazi kama ya kuvutwa. Anayevuta huisikia kwa dakika chache. Anayekula humchukua nusu saa mpaka saa mbili, kwa sababu inapitia tumboni na kwenye ini kwanza, na ikishapanda hudumu kwa saa nyingi. Mtu hudhani haijafanya kazi, anaongeza. Mwaka uliofuata Colorado iliagiza bidhaa hizo zifungwe au zigawanywe wazi kwa sehemu za miligramu kumi. California huweka kikomo cha miligramu kumi kwa sehemu na mia kwa pakiti. Kanada ni miligramu kumi kwa pakiti nzima. Biskuti ile ya Colorado isingeruhusiwa kuuzwa Kanada hata nusu yake.

MAABARA NAYO HULIPWA NA MWENYE MALI

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Anayeilipa maabara ni yule yule mwenye bidhaa. Bangi yenye THC nyingi huuzwa ghali zaidi, basi wapo wakulima wanaohama maabara mpaka wapate ile inayowapa namba kubwa. Mwezi Juni 2024 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi wake: bidhaa zilizonunuliwa katika maduka yenye leseni ya California zilipopimwa upya, nyingi zilikutwa na dawa za wadudu. Hivyo cheti ni bora kuliko kukosa cheti, lakini anayekichukua kama neno la mwisho anajidanganya.

Na hata cheti cha kweli hakisemi lolote juu ya anayemeza. Ubongo wa kijana huendelea kukua mpaka yapata miaka 25, na bangi kali inayotumiwa mara kwa mara huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, hasa katika ukoo wenye ugonjwa huo. Mama mjamzito hashauriwi kuitumia hata kwa kichefuchefu cha asubuhi. Maabara ikipima bangi hiyo haitakuta kosa lolote, kwa sababu haimpimi mama wala mtoto.

Dawa halisi iliyotokana na mmea huo ipo. Mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kwa watoto wenye aina mbili za kifafa kikali. Hiyo huandikwa na daktari, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto, na ini lake hufuatiliwa. Peremende yenye neno CBD kwenye pakiti isilinganishwe na dawa hiyo.

HATI ZA KIJANA WAKO

Tuongeze jambo ambalo si la mwili, ingawa limewanyima wengine usingizi. Leseni ya dispensari hutolewa na jimbo. Serikali kuu ya Marekani haijahalalisha biashara ya bangi ya starehe, na mambo ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali hiyo, si ya jimbo. Mwezi Aprili 2019 idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba mwombaji wa uraia anayevunja sheria ya serikali kuu kuhusu bangi anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeruhusu. Kuajiriwa katika duka hilo nako kunaweza kumletea shida hiyo. Kwa hiyo kijana ambaye si raia asijibu swali la bangi mbele ya ofisa kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Mweleze hilo leo, wala usingoje abaini mwenyewe siku ya usaili.

IKIFIKA NYUMBANI KWAKO

Hapa kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya inakataza bangi, na leseni ya California haina nguvu uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Atakayetia pakiti ya peremende hizo katika sanduku la zawadi atamtia matatani yule anayelipokea, pengine bibi asiyejua kusoma Kiingereza.

Kwa hiyo jifunze alama. Kwenye pakiti za Kanada kuna umbo jekundu la pembe nane, kama kile kibao cha barabarani cha kusimamisha magari, lenye jani la bangi na herufi THC. Za California zina pembetatu yenye jani na alama ya mshangao. Ukiiona, usigawe peremende hizo kwa watoto hata moja. Huko Marekani, simu zilizopigwa katika vituo vya sumu kuhusu watoto chini ya miaka sita waliokula vitu hivyo zilikuwa 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 zilifika 3,054. Mtoto haoni tofauti kati ya peremende hii na ile, kwa maana zimetengenezwa zifanane.

Mtoto akishakula atasinzia kupita kiasi, atayumba akitembea, pengine atatapika, na akila nyingi anaweza kushindwa kupumua sawasawa. Usimtapishe wala usimpe maziwa ukingoje alale aamke. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, chukua na ile pakiti mkononi. Mwambie daktari wazi kwamba mtoto amekula bangi. Akificha mzazi kwa aibu, daktari atahangaika kumpima malaria na homa ya uti wa mgongo, na muda utakuwa unapita.