Maji ya Kupandia Mlima

Watu wengi hudhani kuwa mpanda mlima hushindwa kwa sababu ya mwinuko. Katika likizo, mapema Januari, nilijifunza kuwa safari huweza kuharibika tangu usiku, kambini.

Tulikuwa watano, tumelala hemani porini chini ya Longonot, mlima wa volkeno ulio karibu na Naivasha, wenye mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Njia yake haina kijito wala kisima. Hata hivyo mimi, niliyekuwa mpishi, niliosha sufuria kwa maji ya kunywa. Asubuhi kila mtu alibakiwa na chupa moja tu.

Wakati wa jua kali mwili hujipoza kwa jasho: likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Lakini jasho ni maji na chumvi ya mwilini. Vikipungua, moyo hupiga mbio, kichwa huuma na miguu hulegea. Tena upepo wa kileleni hudanganya, maana hukausha jasho upesi, mtu asijue kuwa limemtoka.

Saa sita mwenzetu mmoja akaanza kuyumba na kutapika. Tulimlaza kivulini, tukainua miguu yake, tukamlegeza nguo, tukampepea na kumnywesha kidogo kidogo kutoka chupa zetu zote. Alipopata nafuu tulirudi chini. Lau angalizirai au kupayuka, ingalitubidi kumkimbiza hospitali.

Basi, ndugu msomaji, pima maji ya safari jioni, uyaweke kando. Sufuria yaweza kusuguliwa kwa mchanga.