Waridi la Jangwani

Maji ya ndoo ni ya kupikia na kufulia, lakini usikate tamaa ya kuwa na maua. Katika nyika za Tsavo na Mkomazi huota waridi la jangwani, ambalo wengi wetu hulipita tu. Shina lake nene huhifadhi maji, nalo huchanua maua mekundu hata majani yakiwa yamepukutika. Lipande juani, penye udongo wa kichanga. Ukilimwagilia kila siku litaoza.

Ila utomvu wake ni sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapolipogoa, kisha nawa kwa sabuni. Mtoto akilitafuna, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na kipande cha mmea.