Daftari la Mauzo na Kodi ya Duka Dogo

Leo tuliweke jembe kando kidogo. Nataka kusema na wale ambao baada ya kuvuna hufungua kiduka cha chumvi, sabuni na mafuta ya taa pale nyumbani. Wengi wenu mnaiogopa ofisi ya kodi kuliko viwavijeshi. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo wa Tanzania kazi imerahisishwa: hatakiwi kupeleka hesabu zilizokaguliwa na mhasibu. Kodi yake hutokana na mauzo ya mwaka.

Mauzo, ndugu yangu, si faida. Ni fedha yote iliyoingia sandukuni, kabla hujatoa bei ya mali wala nauli ya lori. Ukiulizwa mauzo ukataja faida, umejipotosha mwenyewe.

Sasa sikiliza hesabu. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 halipi kitu. Kati ya 4,000,000 na 7,000,000 kuna njia mbili. Asiye na kumbukumbu hutozwa 100,000, basi. Mwenye kumbukumbu kamili hulipa shilingi 3 kwa kila mia ya ile ziada juu ya 4,000,000. Tuseme umeuza 5,000,000. Ziada ni 1,000,000. Kodi ni 30,000. Jirani yako aliyeuza kiasi hicho hicho bila daftari atatoa 100,000. Hizo 70,000 angeweza kununulia mbegu! Na yule ambaye hakufika 4,000,000, bila maandishi ataonyesha nini?

Nimeona maduka ambayo hesabu zake ni chaki mlangoni. Mvua moja tu, mwaka mzima umefutika. Nunua daftari. Kila jioni, kabla ya kulala, andika tarehe, ulichouza, ulichonunua, na fedha zake. Usingoje Jumapili ukumbuke ya Jumatatu. Kama macho hayaoni vizuri, mtoto anayesoma akuandikie. Stakabadhi zitie kwenye bati, panya wasizifikie.

Namba ya mlipa kodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Basi ukienda kukadiriwa, chukua daftari lako, uliza viwango vya mwaka huo, na hesabu ifanywe mbele yako.