Bwawa la bustani: mwenye nyumba ndiye mto

Masika yakiwa mazuri, Mto Rufiji hufurika na kuingia katika maziwa madogo ya bondeni: Ruwe, Uba, Zumbi, Mtanza. Maji mapya huleta samaki na rutuba, huyasukuma yaliyochakaa, kisha mto hurudi katika mkondo wake. Mwaka 2011 watafiti Olivier Hamerlynck, Stéphanie Duvail na wenzao walichapisha utafiti ulioeleza jinsi uvuvi wa maziwa hayo unavyotegemea kuunganishwa huko na mto.

Anayechimba bwawa la bustani Kibiti ana mfano huo karibu naye. Bwawa linaweza kujitunza bila pampu wala dawa, mradi mwenyewe akubali kwamba mto haufiki uani kwake. Sehemu ya kazi ya mto itabaki mikononi mwake.

Tuanze na yale ambayo bwawa hujifanyia lenyewe. Kinyesi cha samaki na makombo ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga, mawe na mizizi huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo mimea huifyonza. Mimea ikiwa michache, nitrati huchukuliwa na mwani na maji hugeuka kijani. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Kwa hiyo jaza maji, panda mimea, ngoja wiki 4 hadi 6, ndipo ulete samaki.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.5 tu. Mchana mimea huiongeza, usiku kila kiumbe huitumia. Ukiwakuta perege alfajiri wamekusanyika juu, midomo wazi, wakitweta, ujue bwawa limezidiwa. Acha kulisha, punguza samaki, ongeza maji safi.

Chimba mahali penye jua, mbali na mkorosho au mwembe, maana majani yanayooza majini hula oksijeni. Katikati kina kiwe mita 1, na pembeni acha ngazi ya sentimita 20 hadi 30 kwa ajili ya mimea. Penye kichanga, tandika turubai zito lisilovuja na ulifunike kwa udongo. Panda mafunjo pembeni na mayungiyungi katikati, majani yafunike kama nusu ya maji. Samaki 1 au 2 kwa kila mita ya mraba wanatosha. Zungushia wigo kwa usalama wa watoto.

Wengi huliogopa bwawa kwa sababu ya mbu, na hofu hiyo ina msingi. Anopheles funestus, mmoja wa mbu wakuu wa malaria nchini Tanzania, hupenda maji ya kudumu yenye majani pembeni. Chota maji ya ukingoni kwa bakuli jeupe uyatazame. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala sambamba na uso wa maji; cha mbu wa kuleksi huning'inia, kichwa chini. Ukiviona, samaki hawafiki hapo: punguza majani na uache nafasi kati ya mafungu ya mimea. Watoto wa kereng'ende nao huwinda humo. Mdomo wao wa chini hufyatuka mbele na kunasa windo. Usimwage mafuta wala sumu, utawaua hao wanaokusaidia.

Sasa kazi ya mto. Kila baada ya wiki kadhaa chota sehemu ya maji, umwagilie mboga, kisha rudishia maji ya mvua au ya kisima. Katika vijiji vya delta ambako visima vina chumvi, maji ya mvua ni bora, kwa kuwa yungiyungi halipendi chumvi. Vuna mimea iliyozidi, chota tope la chini, na uviweke shambani. Perege huzaana haraka, hivyo vua wa kitoweo mara kwa mara.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko bustani yako. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Maji kama hayo yakipita juu ya bwawa, kilichomo huenda mtoni. Sato, ambaye si wa bonde hili, akitoroka huzaana na perege wetu wa asili, Oreochromis urolepis, na kuichafua mbegu yake. Gugumaji, lenye maua ya kupendeza, limelisumbua Ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo chukua samaki na mimea ya bonde hili hili. Unachokifuga bwawani, siku moja huenda ukawa umekifuga Rufiji nzima.