Gari Haliwaki Baada ya Kubadilisha Injini? Anzia Hapa Kabla ya Kununua Kifaa Kingine

Injini ya mtumba imefika kutoka mjini, imefungwa, oili imewekwa, fundi anageuza ufunguo na gari haliwaki. Kwa mwenye Hiace ya abiria au pikapu inayopeleka nyanya sokoni, kila siku gari linapolala gereji ni hasara. Hapo ndipo wengi huanza kununua vifaa kwa kubahatisha: leo betri, kesho pampu, keshokutwa stata, na gari bado liko palepale.

Katika makala haya tunaeleza hatua za kufuata ili wewe na fundi wako mjue tatizo liko wapi kabla ya fedha nyingine kutoka mfukoni.

Jambo la kwanza kukumbuka ni hili: kama vifaa vingine vya gari vilikuwa vizima kabla ya injini kutolewa, anza kutafuta pale mikono ilipopita. Kazi ya kubadilisha injini huhusu kuchomoa soketi nyingi, kufungua mipira ya mafuta na kulegeza nyaya za betri. Kimoja tu kikisahaulika, gari haliwaki.

Kabla ya kuanza, weka gia huru au P, vuta breki ya mkono, na sogeza gari mahali penye hewa. Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo; ipumzishe angalau nusu dakika.

Swali la kwanza: stata inazungusha injini au haizungushi?

Jibu la swali hili linagawa kazi mara mbili. Kama injini haizunguki, shida iko kwenye umeme wa kuzungusha au injini yenyewe imekwama. Kama inazunguka vizuri lakini haishiki, tafuta mafuta, moto wa plagi au taimingi.

Kama injini haizunguki

Anza na betri. Betri nzima iliyochajiwa, gari likiwa limezimwa, husoma takribani volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya volti 10 au karibu na hapo. Kama huna mita, washa taa kubwa kisha piga stata. Taa zikififia kabisa, betri ni dhaifu, terminali zina kutu, zimelegea, au injini imekuwa nzito mno kuzunguka.

Kinachosahaulika mara nyingi ni waya wa ethi, ule mnene unaounganisha injini na bodi la gari au hasi ya betri. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo bila waya huo umeme hauna njia nzuri ya kurudi. Utasikia "ka!" moja kisha kimya, au stata itazunguka kwa uchovu.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua waya mmoja wa kubusti, funga upande mmoja kwenye chuma kitupu cha injini, upande wa pili kwenye hasi ya betri, kisha piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, umepata jibu: rudisha waya wa ethi, na kwaruza rangi na kutu pale unapofungwa. Hakikisha umeshika hasi. Ukigusa chanya utaleta cheche kubwa.

Kama hakuna hata mlio, angalia fyuzi na waya mwembamba unaoingia kwenye stata. Kwa gari la otomatiki, angalia soketi ya swichi iliyo kwenye gia boksi, ile inayoruhusu stata kufanya kazi kwenye P na N tu. Ikiachwa bila kuchomekwa, ufunguo utageuka bure.

Na kama stata ina nguvu lakini injini haisogei, mwambie fundi ajaribu kuizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma kabisa, usilazimishe.

Kama inazunguka lakini haishiki: dizeli

Kwa injini za dizeli za zamani kama 3L na 5L za Toyota, mshukiwa wa kwanza ni hewa. Mipira ya dizeli ikifunguliwa, hewa huingia. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ibonyezwe mpaka iwe ngumu, kisha nati za nozeli zilegezwe kidogo na stata ipigwe mpaka dizeli itoke bila mapovu. Weka uso na mikono mbali, kwani dizeli hiyo hutoka kwa nguvu.

Pia kuna kifaa kidogo kwenye pampu ya nozeli chenye waya mmoja, kinachofungua njia ya dizeli. Ukiwasha swichi kinapaswa kulia "tik". Kisipolia, pima kama umeme unafika. Waya huo ukisahaulika, utapiga stata mpaka betri iishe.

Kama inazunguka lakini haishiki: petroli

Washa swichi bila kupiga stata na utazame dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, huenda kontroli boksi haipati umeme: angalia fyuzi, rilei na soketi zake. Ikiwaka, kagua soketi ya sensa ya krenki, au ya distribyuta kwa injini za zamani. Bila taarifa hiyo, boksi haijui lini itoe moto wa plagi.

Baadhi ya magari yana ulinzi wa ufunguo. Kama injini imekuja na kontroli boksi ya gari jingine, boksi hiyo haiutambui ufunguo wako. Stata itazunguka, lakini moto na petroli vitakatwa. Dalili yake ni taa ya ulinzi kuendelea kumetameta ufunguo ukiwa umewashwa. Hapo hitaji fundi umeme mwenye kompyuta, si plagi mpya.

Tunasisitiza: usimwage petroli kwenye njia ya hewa ili "kuamsha" injini. Moto ukirudi nyuma utaunguza mtu na gari.

Ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida

Ukisikia injini inazunguka haraka, laini, kama haina upinzani, acha mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika au injini haina kompresheni. Fundi apime kompresheni kwa geji kwenye kila silinda. Kama ni mbovu, ni suala la kumrudia muuzaji. Ndiyo maana risiti yako ionyeshe namba ya injini na siku za kuirudisha.

Mwisho, namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Gari likishawaka, peleka taarifa ya mabadiliko TRA ili usije ukasumbuka siku ya kuuza.

Hifadhi makala haya kwenye simu yako, na umsomee fundi kabla hajakutuma dukani.