Jiko la Mkebe: Siri Iko kwenye Majivu

Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Jiko likikutoa machozi, jua sehemu ya kuni zako inapaa bure. Hilo ndilo Mmarekani Larry Winiarski alilolitafutia dawa mwaka 1982 alipobuni jiko la roketi. Leo kiwanda cha Burn, hapa Ruiru, kinatengeneza jiko la kuni la Kuniokoa. Lakini mkazi wa Kahawa Wendani anayetaka jiko la kambini anaweza kujiundia jiko la roketi kwa mikebe mitupu.

Tafuta mkebe wa chuma wa rangi wa lita 4, mikebe mitatu midogo ya maharagwe, na majivu makavu yaliyochekechwa. Toboa mkebe mkubwa ubavuni, karibu na chini. Ndani yake simamisha mikebe miwili iliyotobolewa juu na chini iwe bomba moja, ukate wa juu ulingane na ukingo. Wa tatu, nao ukiwa wazi pande zote mbili, ulaze upite kwenye tundu la ubavuni na kuingia kwenye bomba hilo: huo ndio mdomo. Mdomoni weka kipande cha bati katikati, kuni zipite juu na hewa chini. Kisha jaza majivu kuzunguka bomba, uyashindilie kidogo tu.

Wengi hujaza saruji wakidhani kitu kizito hutunza joto. Kinyume chake, saruji hulinyonya kwanza, na chai inangoja. Majivu yamejaa hewa iliyonaswa, kwa hiyo joto hubaki ndani ya bomba na moshi huungua kabla ya kufika kwenye sufuria. Sufuria nayo iinue kwa vyuma vitatu, kama sentimita moja na nusu. Ukiiketisha juu ya bomba, moto hukosa pumzi na kurudi mdomoni.

Kuni nzuri ni matawi ya mibuni yanayopogolewa mashambani Ruiru na Thika, unene wa kidole gumba. Livunje tawi: likilia “tak” ni kavu, likijikunja liache. Sukuma kuni ndani kadiri ncha zinavyoungua.

Usitumie bati la kuezekea, maana zinki yake ikiungua hutoa mvuke wenye sumu. Rangi iliyobaki mkebeni iunguze nje kwanza, ukikaa mbali na moshi wake. Wala usilitumie jiko hili ndani ya nyumba: hutoa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Mikebe ya ndani italiwa na moto. Ikitoboka, mwaga majivu, weka mingine, urudishe majivu yaleyale.